Pua ya Shangazi

Shangazi yetu, Mungu ampumzishe pema, alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu anadhani unamtania. Alikuwa mnusaji. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alifunga kitambaa kichwani, akavaa aproni yake ya bluu iliyofubaa, akaenda yadini kunusa televisheni.

Yadi yenyewe ilikuwa nyuma ya maghala ya saruji, imezungushiwa mabati. Huko ndiko vifaa vya umeme vya mji mzima vilikokwenda kufa: televisheni zenye migongo mirefu, kompyuta, redio, simu za mezani. Viliingia kwa lori vikiwa vizima na kutoka vipandevipande, shaba huku, vioo kule, na plastiki mezani kwa shangazi. Mgeni akifungua geti, kilichomkaribisha ni televisheni. Zilipangwa juu kwa juu ukutani, vioo vikitazama mlangoni, na katika kila kioo alijiona mwenyewe, mdogo, wa kijivu, anakuja. Mvunjaji wa makasha, jamaa wa miraba minne aliyeitwa Nyundo, alikuwa haanzi kazi bila kuzisalimu.

"Hamjambo wazee? Leo nani anatangulia?"

"Utakuja kuitikiwa siku moja," shangazi humwambia.

"Nikiitikiwa, dada, nyundo naiacha hapohapo. Mshahara mtaniletea nyumbani."

Zamani mahali pale hapakuwa na sheria. Nyaya zilichomwa uwanjani ili shaba itoke, na mchomaji alikuwa mume wa shangazi. Alisimama kwenye moshi mweusi kutwa nzima, akigeuza mafundo ya nyaya kwa chuma kirefu, na jioni aliirudisha nyumbani harufu ambayo sabuni haikuiweza. Kisha zikaja sheria za mazingira. Maofisa walikaa kwenye viti vya plastiki, wakasoma kurasa nyingi, wakaondoka. Msimamizi wa yadi, mama mmoja mkali lakini mwenye haki ambaye wote walimwita Madam, akawakusanya wafanyakazi akayaeleza yale kwa maneno ya kawaida.

"Sikilizeni. Kuchoma nyaya kumekwisha, leo hii. La pili: makasha mengi ya televisheni yalitiwa dawa kiwandani ili yasishike moto. Dawa hiyo ni sumu. Haikuui leo, inaingia mwilini polepole na kukaa, na mtoto inamdhuru zaidi. Plastiki yenye dawa inaingia kontena lile na kufungwa. Isiyo na dawa inauzwa kiwandani, inasagwa, inakuwa ndoo na vitana. Tukichanganya, sumu inarudi majumbani kwetu, na kibali chetu tusahau."

"Sasa tutajuaje, Madam?" Nyundo akauliza. "Zote nyeusi, zote zina sura moja kama mapacha."

Mashine ya kuzitambua ilikuwapo duniani, ila si pale. Pale alikuwapo shangazi.

Pua yake ilijulikana tangu utotoni. Aliyajua maziwa yatakayochacha kesho. Kaka yake alipoanza kuvuta sigara kwa kujificha, alimwogopa dada yake kuliko baba. Basi wakampa meza, koleo, kisu na mshumaa. Alichonga kipande kama ukucha, akakiwasha, akauondoa mshumaa. Plastiki safi huendelea kuwaka, na moshi wake una utamu wa kukera, kama ua lililoungua. Yenye dawa hujizima yenyewe, na moshi wake huchoma koo na kuacha ladha ya chuma ulimini. Shangazi aliuvuta moshi kwa kiganja, akanusa kidogo tu, akatamka neno moja. Safi. Au chafu. Hakuna aliyewahi kumbishia. Leo tunajua kunusa kwenyewe kulikuwa kujilisha sumu. Wakati ule tulikiona ni kipaji, na yeye aliamini Mungu hampi mtu kipaji ili akifungie sandukuni.

Baadaye maofisa walirudi, wakaona moshi unavyompiga mama wa watu usoni, wakaamuru iwekwe feni kubwa ukutani ivute hewa chafu nje. Lilikuwa jambo la huruma. Ila tangu feni ilipoanza kuzunguka, moto haukuwa ushahidi tena. Kila kipande, kiwe safi kiwe chafu, kilizimwa na upepo. Ikabaki pua peke yake.

Mwaka ule wa feni mumewe alikuwa ameacha moshi siku nyingi. Alikuwa mlinzi wa geti, anavaa shati jeupe. Asubuhi moja shangazi alikuwa akilipiga pasi shati hilo, na mvuke ulipopanda, harufu ikamgonga: nyaya zinazoungua.

"Baba watoto, umerudi kuchoma?"

"Nichome wapi? Unataka wanifunge?"

Alilifua shati upya. Likanuka. Akanusa jingine, likanuka. Mwishowe akamnusa mumewe shingoni, naye akacheka akidhani anabembelezwa. Harufu ilikuwa inatoka ndani yake, kama moshi unavyotoka chini ya mlango. Wiki chache baadaye alianza kukohoa, akalala, hakuinuka tena. Bwana alitoa, Bwana akatwaa.

Waliporudi kutoka makaburini harufu ilikuwa imekwisha. Nyumba ilinuka maua na watu. Shangazi alilia mpaka akaishiwa machozi, akarudi kazini, na kwa muda kila kitu kikanuka kilivyopaswa kunuka.

Kisha ikamrudia, tena kanisani, mchana kweupe, kwaya ikiwa imesimama. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo waumini, kwa heshima, walikuwa hawajaikalia. Harufu ilitokea hapo. Haikuletwa na upepo, wala haikupita kama harufu zinavyopita. Ilikaa. Shangazi hakugeuka. Aliimba ubeti wote macho mbele, na sketi yake, upande ule, aliivuta karibu.

Tangu siku hiyo ikawa haina adabu. Alikuwa akianika nguo, anaikuta imesimama katikati ya shuka mbili. Aliingia chumbani, anaikuta imemtangulia. Mara moja, akikunja nguo kitandani, alizungumza bila kugeuka.

"Baba watoto, kama kuna kitu unataka, sema."

Harufu ikasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.

Akaenda kwa mchungaji, katika kile kiofisi cha nyuma kilichojaa viti vibovu na maboksi ya vitabu vya nyimbo.

"Mchungaji, marehemu hajatulia."

"Marehemu ametulia, mama. Yuko kwa Bwana. Asiyetulia ni wewe."

"Na harufu je? Hata sasa hivi ipo, hapo mlangoni."

Mchungaji akatazama mlangoni, akavuta pumzi. "Mimi sinusi kitu."

"Wewe una mafua tangu nikufahamu."

Mchungaji akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akamshika mikono wakaomba, na baada ya kuomba akamwambia kwa upole: "Ni huzuni, mama. Huzuni inatafuta pa kukaa. Ikija, usiipe kiti. Iambie, wewe si wa kweli, halafu endelea na kazi yako."

Shangazi alikuwa mtu wa kutii. Alianza siku hiyohiyo. Harufu ilipomjia jikoni alinong'ona, "Wewe si wa kweli," akaendelea kumenya viazi. Ilipomjia njiani alinong'ona na kuongeza mwendo. Na mezani, mbele ya feni, alipowasha kipande na ile harufu kali ikapanda, aliijua ni ileile inayomwandama. Alifumba macho. "Wewe si wa kweli." Akasubiri moyo utulie, akakitupa kipande upande wa safi.

"Dada, siku hizi mzigo umetakata," Nyundo akamwambia. "Kontena la sumu linalala njaa."

"Televisheni za miaka ya karibuni zimetengenezwa vizuri," shangazi akajibu, naye aliamini anachosema.

Maisha yakapoa. Aliishi na mwanawe na mkwewe katika nyumba ndogo yenye jiko la uani, pamoja na mjukuu wa kike ambaye kwa mashavu yake hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo. Alikuwa Bonge, basi. Bonge alipoanza kukaa mwenyewe, mama yake akamwanzishia uji. Shangazi ndiye aliyempakata wakati wa kulishwa, na ndiye aliyemcheulisha.

Asubuhi moja, uji ukiwa umekwisha na jua limeingia mpaka katikati ya chumba, Bonge alipiga mwayo mapajani pa bibi yake. Kutoka kinywani mwa mtoto yule, kinywa chenye meno mawili ya chini, ilitoka harufu ya nyaya zinazoungua.

Shangazi akamwinua akamtazama. "Wewe si wa kweli," akasema. Bonge akainua macho, akatazama juu ya bega la bibi yake, mahali ambapo palikuwa na ukuta mtupu, akatabasamu kama watoto wanavyotabasamu wakimwona mtu wa nyumbani.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Harufu ile alishainusa mwilini mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo hakumaliza miezi. Sasa imekuja kwa mtoto. Hakumwambia mtu. Alianza kumwogesha Bonge asubuhi, mchana na jioni, akimsugua nyuma ya masikio na kati ya vidole.

"Mama, mtoto ataisha kama sabuni," mkwewe akasema akicheka. "Tutabaki na taulo."

"Watoto wana jasho."

"Jasho gani? Huyu hata kutambaa anaona uvivu."

Alipokuwa peke yake alisimama mbele ya picha ya marehemu iliyotundikwa juu ya kabati. "Huyu hapana," aliiambia. "Nakuomba, huyu hapana." Kisha akapiga magoti na kumwomba asiye na picha. "Bwana, kama kuna zamu, zamu hii ni yangu." Harufu ilimsubiri amalize, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa mezani.

Mkwe naye hakuwa mjinga. Alimkuta siku moja amezamisha uso kwenye nywele za mtoto, ananusa, machozi yanamtiririka.

"Mama. Una nini na mwanangu?"

Shangazi akamweleza yote, shati, benchi la kanisani, mwayo. Mkwe alisikiliza amesimama, na alipoelewa, alimnyakua Bonge kama mtu anayeokoa kitu motoni.

"Kwa hiyo unamtabiria mwanangu kifo?"

"Simtabirii, mwanangu. Nakuambia ninachonusa."

"Basi nampeleka kwa mama yangu mpaka pua yako ipoe."

Akamfunga mtoto mgongoni, akajaza nepi kwenye mfuko, akaondoka saa ileile. Mumewe aliporudi kutoka kazini alikuta nyumba kimya na mama yake ameketi jikoni amejikunyata, jiko halina moto.

Siku zile Bonge alipokuwa kwa bibi yake mwingine lilitokea jambo ambalo shangazi alilifikiria sana. Harufu iliondoka. Haikuwa kwenye nguo wala kitandani, wala pale mlangoni pa chumba ilipozoea kusimama. Nyumba ilikuwa tupu. Alitembea chumba hadi chumba akivuta pumzi, na utupu ule ukamwogopesha kuliko harufu yenyewe, kwani aliwaza: imemfuata mtoto.

Mkwe aliporudi, hasira zimepungua, shangazi alimpokea Bonge getini na kumnusa kabla hata ya kuuliza hali. Maziwa. Maziwa, poda na jasho la safari. Akashukuru kwa sauti mpaka majirani wakachungulia.

Asubuhi iliyofuata mkwe akapika uji. Shangazi alikuwa chumbani anatandika kitanda, na harufu ikaingia. Haikusimama mlangoni safari hii. Iliingia moja kwa moja, ikazunguka, na kwa mara ya kwanza shangazi hakuiambia kitu. Aliifuata. Ilitoka chumbani, ikapita ukumbini, ikatoka uani, na kadiri alivyosogea ndivyo ilivyozidi kuwa nzito, mpaka akafika mlango wa jiko. Mkwe alikuwa amempa mgongo, anakoroga. Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Mkononi alishika mwiko mweusi wa plastiki, na ncha ya mwiko ilikuwa imeliwa na moto, imepinda kidogo.

"Mwiko huo umeutoa wapi?"

Mkwe akashtuka. "Si sokoni, mama. Ule wa mti ulipopasuka."

"Ulipasuka lini?"

"Bonge alipoanza uji. Kwani vipi?"

Shangazi akauchukua, akauosha, akaufuta. Akatwaa kisu akachonga kipande kama ukucha, akakishika kwa koleo la mkaa. Jikoni mle hapakuwa na feni, na asubuhi ilikuwa imetulia, hata jani halitikisiki. Akauweka mlango wazi nusu, akawasha mshumaa, akaushikisha moto kipande, akauondoa mshumaa. Moto ukafa. Akarudia. Ukafa tena, na uzi mwembamba wa masizi ukapanda, ukajikunja hewani, ukashuka taratibu juu ya uji.

"Mama, unafanya nini?"

"Sogea. Nusa."

Mkwe akasogea shingo upande, akanusa, akarudi nyuma ameshika pua. "Mh! Inanuka kama… kama televisheni yetu ya zamani ilivyolipuka."

"Unainusa?"

"Mama, hata aliye nje anainusa!"

Shangazi akakaa chini, palepale sakafuni. Ni ya kweli. Mkwe alidhani analia kwa furaha, kwa sababu mtoto hakufuatwa na mtu, ni mwiko tu. Lakini shangazi alikuwa anaiona meza yake. Aliviona vipande vyote alivyovifumbia macho, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikuwa amekiambia neno alilofundishwa, kisha akakitupa upande wa safi.

Uji ulimwagwa. Shangazi akaufunga mwiko kwenye aproni, akaenda yadini kwa miguu, hakumsubiri mtu.

Madam aliugeuza mwiko, akaona alama ya kiwanda kwenye mpini. Uso wake ukabadilika. "Hawa plastiki nyeusi wananunua kwetu," akasema. "Kwetu tu."

"Ni mimi, Madam," shangazi akasema. "Pua ilikuwa inaniambia, nikawa nainyamazisha."

Madam hakumgombeza. Aligeuka akatazama kontena la sumu. "Kwenye semina walitufundisha maji ya chumvi," akasema. "Plastiki yenye dawa ni nzito, inazama. Isiyo nayo inaelea. Nikaona chumvi ya nini, tuna mtu."

Walijaza pipa maji, wakamwaga chumvi wakikoroga mpaka yai bichi lililotumbukizwa likapanda juu lenyewe. Kisha Madam akauweka mwiko majini. Ulizama. Haukuanguka kama jiwe, ulikwenda chini taratibu, mpini ukiwa wa mwisho, kama mkono wa mtu anayeaga.

"Fungua magunia," Madam akamwambia Nyundo.

"Yepi?"

"Ya safi. Yote."

Nyundo akayafungua, akamwaga plastiki iliyovunjwa vipandevipande, konzi baada ya konzi. Nyingine zilibaki juu zikizunguka. Nyingine zilishuka, nyeusi, bila sauti, kama mvua inayonyesha ndani ya pipa. Walisimama wote wakitazama. Ukutani vioo vya televisheni vilikuwa vimewashika wote watatu, wadogo, wa kijivu, wameinamia maji.

Madam alipiga simu kwa watu wa mazingira yeye mwenyewe. Yadi ikafungwa kwa lakiri, kiwanda kikaamriwa kisimamishe mashine. Hiyo ilikuwa kazi ya ofisi. Shangazi alijipa kazi yake. Alichukua beseni, mfuko wa chumvi na yai, akaanza nyumba kwa nyumba.

Wapo waliomcheka. Fundi cherehani wa kona ya pili alimkuta mlangoni akashika kiuno.

"Sasa, Pua, mpaka mwiko wangu? Kesho utakuja na sufuria?"

"Na sufuria sina ugomvi. Lete mwiko, mwenzangu."

"Nikikupa nitakorogea nini? Mguu?"

"Utakorogea huo huo ukielea. Lete."

Ulipozama, fundi aliendelea kuutazama pale chini ya beseni kana kwamba utaghairi. "Watoto wangu wote wamekula humo," akasema polepole. Akaingia ndani, akatoka na bakuli jeusi na kijiko cha mwanawe mdogo. Navyo vikazama.

Jumapili mchungaji alitangaza madhabahuni kwamba kila mwenye chombo cha plastiki nyeusi akilete. Hakusema habari za kiofisi na ushauri wake, ila baada ya ibada alikuja uani kwenye beseni akiwa na mwiko wa mkewe, akautumbukiza kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mpaka ulipogusa chini. "Nisamehe, mama," akasema. Shangazi akamwambia, "Ulinipa ulichokuwa nacho, Mchungaji." Lundo lilipofika magotini wakalipakia kwenye mkokoteni, watu wa mazingira wakafungua lakiri ya yadi, likaenda kufungiwa kontenani.

Lakini mwiko kuondoka ni jambo moja. Kilichokwisha kuingia tumboni mwa Bonge kilikuwa jambo jingine, na hicho ndicho mkwe alichokiuliza kila siku kwa macho. Mwishowe wakampeleka zahanati. Daktari alimpima uzito, akamgonga magoti, akamwangalia macho na shingo, akasikiliza habari yote ya mwiko bila kuwakata kauli.

"Mtoto anakua vizuri," akasema. "Uzito mzuri, macho yanafuata. Mrudisheni kila baada ya muda tumwone."

"Na ile dawa ya televisheni, daktari?" mkwe akauliza. "Imo au haimo?"

"Kipimo cha hiyo hatuna, dada. Sijui hata kama kipo nchi hii."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la nje, juani, kati ya akina mama wengine wenye watoto. Mkwe alikuwa akimrusharusha Bonge magotini. Halafu akamgeukia shangazi, akamwekea mtoto mikononi.

"Mama, nilikukasirikia. Sasa nakuomba. Mnuse. Useme wewe."

Shangazi akamwinua, akaweka pua katikati ya nywele za mtoto, utosini pale panapodunda. Harufu ilikuwapo. Ilikuwa ndogo, ya mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Akavuta tena. Alijaribu kuijua inatoka kwa mtoto, au iko kwenye nguo zake mwenyewe, au imo humo humo puani, imejenga, na itakwenda popote atakapokwenda. Miaka yote watu walimletea vitu, wakasimama mbele yake, wakangoja neno moja kati ya mawili, na hakuwahi kukosa la kusema.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Mkwe hakulia. Alitikisa kichwa polepole, akashika ukingo wa benchi.

Bonge alikuwa anamtazama bibi yake kwa makini, kama watoto wanavyotazama kitu wanachotaka kukiiga. Akasogeza uso, akauzamisha shingoni pa shangazi, pale pale shangazi alipozoea kumnusa yeye, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka akakoroma. Akina mama wa benchi la pili wakacheka. Bonge hakucheka. Alikunja pua, akageuza uso upande mwingine, akanyoosha mikono arudi kwa mama yake.